Mkate Ulioumwa

Kila asubuhi, katika soko la makontena la Bishkek, mji mkuu wa Kirgizistan, mama mmoja muuza vitambaa hufungua mlango kwa matusi. Anautukana muungano wa kiuchumi ambao nchi yake imeingia pamoja na Urusi na majirani wengine, uliopandisha ushuru wa vitambaa vya China mpaka rafu zake zikabaki nusu tupu. Sadyrbek, muuza kofia wa jirani, humsubiri amalize ndipo ammiminie chai. Leo akamchokoza: "Basi dada, tujitoe!" Mama akachomoa pini mdomoni, akautazama mkate unaoning'inia juu ya rafu. Kwa desturi yao, mwanawe aliuuma siku ya kuondoka, aje aumalize akirudi. "Tujitoe, halafu mwanangu huko Moscow aanze tena kukimbizana na polisi, kisa hana kibali cha kazi? Koma!" Akaupangusa mkate vumbi taratibu, kisha akaendelea kutukana, safari hii kwa kunong'ona, muungano usije ukasikia.