Binti wa Vijiji Vitatu na Nusu

Ukiniuliza Mama Kamla ni nani, nitakuuliza kwanza unamtaka yupi. Amekuwa diwani wa kata yetu hapa Birmingham kwa zaidi ya miaka ishirini, na sijakutana na watu wawili waliokubaliana ametoka wapi. Mkongo anayeuza vitenge karibu na kituo cha basi aliniapia kwamba mama huyo ana maduka London na udiwani ni wa kupotezea wakati tu. Wasomali wenzangu walisema alikuwa mwalimu Kisumu. Kalasinga wa duka la rangi alisema si mtu wao, na Wagujarati wa hekaluni wakasema jina la ukoo wake wanalisikia lakini hawalielewi. Mimi nilikuwa nampikia chai kila Jumamosi, na sikujua zaidi yao.

Tulijuana kwa sababu ya ukungu. Naitwa Kowsar, nimelelewa Garissa, nikapitia Uholanzi kabla ya kuangukia huku, na kazi yangu ni kuendesha basi dogo la shule la watoto wasioweza kutembea. Ukuta wa bafu langu uliota ukungu mweusi toka juu hadi chini, na mwenye nyumba akaniambia eti tatizo ni mimi, nachemsha sana maji. Nikamwandikia diwani, bila matumaini yoyote. Akaja mwenyewe: mama wa miaka sabini na ushei, mfupi, sari ya pamba chini ya koti la mvua, miguuni raba. Akaweka kiganja ukutani, kisha akakinusa.

"Hii imeanza tangu lini?" akaniuliza, kwa Kiswahili cha Kisumu.

Nilikaribia kulia, na sijui kama ni kwa ajili ya ukuta au kwa ajili ya Kiswahili. Kabla ya Ramadhani ukuta ulikuwa umebomolewa na kujengwa upya, na mimi nikawa mtu wake. Jumamosi asubuhi, alipokaa maktaba kusikiliza shida za watu, mimi nilikuwa nyuma na birika na vikombe.

Maisha yake aliyasimulia kwa maneno machache, tena yaleyale kila mara. Aliolewa akiwa msichana na karani wa Kisumu, wakahamia huku mwaka 1968 pamoja na Wahindi wengine, akashona viti vya magari pale Longbridge mpaka wanawake wenzake wakamchagua awasemee, na chama cha siasa kikamwona huko. Basi. Siku moja nilimpeleka Longbridge kununua blanketi. Kiwanda hakipo tena, kuna maduka na nyumba mpya. Akasimama katikati ya rafu za biskuti, akatazama dari.

"Mashine yangu ilikuwa hapa hapa," akasema, halafu akaenda kulipa.

Lakini kulikuwa na mambo yasiyokaa sawa. Kila alipofika mlangoni, Mama Kamla alisimama kidogo mbele yake, mikono chini, akingoja. Kisha akakumbuka, akausukuma haraka kwa aibu. Mshonaji gani anangoja kufunguliwa mlango? Na mshonaji gani hapandishi sauti hata siku moja, na bado wanaume kumi wanaobishana wananyamaza akifungua mdomo? Nilijiambia ni uzee. Nikajiambia ni Uhindi. Nilijiambia mengi, na hakuna lililonitosheleza.

Mwanzoni mwa 2018, mipaka ya kata imechorwa upya na uchaguzi umekaribia, alikuja Mzee Vashram. Ni mwashi mstaafu ambaye, ukimsikiliza yeye, alijenga nusu ya mji wa Nakuru. Alikuwa hajawahi kukanyaga maktaba. Siku hiyo alivua viatu pale kwenye zulia, akatandaza leso nyeupe juu ya viganja vyake viwili, akaweka juu yake sarafu ya pauni moja, akainama mpaka nikaogopa hatainuka. Uso wa Mama Kamla ulibadilika. Akanyoosha mkono taratibu, akaigusa sarafu kwa ncha za vidole.

Hapo ndipo nilipofika na trei ya chai. Nilikuwa natazama vikombe, maana vilijaa mpaka juu. Nilipoinua macho, leso ilikuwa imeshakunjwa, mzee anafuta machozi, na Mama Kamla anamwambia mtu wa pili aje akae.

Kumbe kuna mtu alikuwa anarekodi. Jioni ile klipu ilifika kwenye simu yangu kupitia vikundi vitatu tofauti. Unamwona mzee, unaiona leso, unaviona vidole vya diwani vikishuka juu ya sarafu, halafu unauona mgongo wangu. Mwisho. Pauni mpya zina rangi ya dhahabu ukingoni, basi midomoni mwa watu, kufika Jumatatu ilikuwa dhahabu tupu, na kufika Jumatano zilikuwa nyingi.

Aliyepeleka malalamiko kwenye chama ni Dalmar, mtoto wa jirani yangu, mhasibu wa miaka thelathini aliyekuwa anakitaka kile kiti na hakuficha. Nilimbana kwenye ngazi.

"Eedo, mimi simchukii," akaniambia, akiniita shangazi kwa Kisomali chetu. "But corruption ni corruption."

"Rushwa ya pauni moja, Dalmar? Hata askari wa barabarani kule nyumbani angeona umemtukana."

"It's the principle."

"Na kiti utapata wewe."

"Hiyo ni separate issue."

Kamati ya chama ikaniita niwe shahidi, kwa sababu nilikuwa karibu kuliko mtu yeyote. Nilikuwa karibu kweli, na nilikuwa nimeona vikombe. Je, sarafu ilirudi kwa mwenyewe au haikurudi? Kadiri nilivyojaribu kukumbuka ndivyo nilivyozidi kuchanganyikiwa, mpaka nikaanza kumwona akiitia kwenye mkoba, halafu nikamwona akiirudisha, na yote mawili yanaonekana kweli kabisa. Niliona haya kumshuku mama aliyenusa ukuta wa bafu langu. Hata hivyo nilimshuku.

Nikamuuliza mwenyewe. "Mama, ile ilikuwa nini?"

"Ni maneno ya zamani. Wachana nayo."

"Watakuondoa kwenye uchaguzi."

"Basi wataniondoa," akasema, na akaniuliza kama nimenunua maziwa.

Nikaenda kwa Mzee Vashram. Alipojua kwamba watu wanaita ile rushwa, alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Mama, wewe hujui huyo ni nani," akasema. "Huyo ni Kamlaba. Baba yake alikuwa mtawala yetu huko Kathiawar, India. Bapu ya vijiji tatu na nusu."

"Nusu?"

"Nusu ingine ilikuwa ya cousin." Aliniambia bila kutabasamu. "Baba yangu alikuwa fundi ya vyungu. Kila mwaka, sikukuu yetu ya Dasara, anapeleka coin moja juu ya kitambaa. Mtawala hachukui. Anagusa, anarudisha. Mimi nasema, kila kitu yangu ni yako. Yeye anasema, nimeona, kaa nayo. Mimi nimekaa Birmingham miaka yote hii, juzi kwa matanga mtu ananiambia, unajua diwani wako ni mtoto ya nani?"

Akafungua kabati, akatoa leso. Pauni ilikuwa ndani. Aliniambia sasa haiwezi kutumika dukani tena, imeguswa.

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha kwamba hakuiba, na kabla sijafika kwenye lifti nilikuwa nimeshakasirika. Miaka yote hii nimelowa mvua nikisukuma vipeperushi kwenye milango ya watu, nikiwaambia huyu ni mtu wa watu, mshonaji kama nyinyi, kumbe nawabebea mtoto wa mfalme! Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumgombeza, na sikujua nianze na lipi. Kesho yake nikaenda kwake nikamwambia najua.

Alinisikiliza mikono ikiwa imetulia mapajani.

"Vashram amekuambia baba yangu alikuwa anachukua nini kwa baba yake?" akauliza. "Robo. Robo ya vyungu, robo ya mtama, na siku za kazi bila malipo. Halafu mara moja kwa mwaka anawarudishia coin moja, na wanalia kwa furaha. Mimi nilikuwa na miaka nne serikali ilipochukua hiyo vijiji. Mama yangu alilia. Nilipokuwa mkubwa nilisema, thank God. Kila kitu niko nayo nimepata kwa mashine na kwa kura. Hiyo ingine sikufanyia kazi. Kowsar, usiseme."

"Basi kwa nini uliigusa?"



"Mzee ya miaka themanini ameinama mbele yangu," akasema. "Nimuache hapo?"

Nilimpigia simu Mzee Vashram aje kwenye kamati aeleze mwenyewe. Akakataa. Ba, ndivyo alivyomwita Mama Kamla, amemkataza kusema, na neno la Ba ni neno. Nikamwambia, mzee, huoni kwamba hapo unathibitisha yale yale anayoyaficha? Hakuona. Ila kabla ya kukata simu alisema kwamba Ba amemkataza kusema, hakumkataza kumwazima mtu leso.

Kamati ilikaa Moseley, kwenye chumba cha juu cha ukumbi wa kanisa. Mwenyekiti alikuwa Mwingereza mpole mwenye sweta, na ilionekana wazi kwamba angependa kuwa mahali pengine popote. Akamuuliza Mama Kamla kama aliigusa sarafu. Akasema aliigusa. Kama aliichukua. Akasema hakuichukua.

"Basi kwa nini alikupa?"

"Hilo sitalijibu," akasema, kwa sauti yake ileile ya chini.

Mwenyekiti akazitazama karatasi zake kwa huzuni. Dalmar alikuwa anatazama viatu vyake. Mimi nilimkasirikia yule mama kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Maisha yake yote yalikuwa yanamwagika pale mezani, na angeweza kuyazuia kwa sentensi moja, na hakutaka. Nikaulizwa niliona nini.

Nikasema niliona vikombe. Kisha nikageuka nikamwambia kwa Kiswahili, "Mama, nisamehe. Mimi ni mtu wa Garissa, si raia wa vijiji vitatu na nusu. Amri yako hainishiki." Nikaweka leso mezani, nikaifungua, nikaeleza yote: Bapu, Dasara, kugusa na kurudisha. Nikaeleza na robo ya mavuno, na siku za kazi bila malipo, kwa sababu ndivyo ambavyo angeeleza yeye.

Robo hakuna aliyeisikia. Mwenyekiti alikuwa ameshakaa wima.

"Unataka kusema," akauliza, uso umemchangamka, "kwamba ni binti mfalme?"

Mwaka ule nchi nzima ilikuwa inangoja harusi ya kifalme, vikombe vyenye picha za maharusi vimejaa madukani. Malalamiko yalifutwa papo hapo. Mjumbe mmoja aliomba kupiga picha ile leso. Dalmar alimwomba Mama Kamla radhi, na nadhani aliomba kwa moyo wake wote, kisha akajitolea kumsimamia kampeni. Vipeperushi vipya vilitoka na picha yake kubwa na maneno ya dhahabu kuhusu damu ya kifalme katika utumishi wa umma. Mama Kamla alichukua kimoja, akakigeuza nyuma, akakigeuza mbele.

"Mashine iko wapi?" akauliza.

"Longbridge tuliitoa, Auntie," Dalmar akamjibu. "Space haikutosha."

Alishinda kwa kura nyingi kuliko alizowahi kupata. Kalasinga wa rangi akasema alijua siku zote, maana ukimtazama anavyotembea tu. Wagujarati wa hekaluni wakalikumbuka jina la ukoo. Watu walinipongeza, mimi niliyemwokoa, na mimi nikaitikia asante huku sijui nimemwokoa au nimemmaliza. Yeye hakunilaumu. Alinishukuru kwa chai, kama kawaida, na hilo lilinisumbua zaidi.

Jumamosi ya kwanza baada ya uchaguzi, foleni ilifika nje ya maktaba. Nilifurahi, nikaongeza vikombe. Lakini kila aliyekaa kwenye kile kiti alitoa simu. Mama mmoja alileta pauni juu ya karatasi ya kufutia pua, akamwomba aiguse tena kwa sababu ya kwanza haikutoka vizuri.

"Na shida yako ni gani?" Mama Kamla aliuliza kila mmoja.

"Hakuna, nilitaka kukuona tu."

Ilipofika adhuhuri wote walikuwa wameondoka, na kalamu yake ilikuwa bado na kifuniko. Alibaki ameishika, akautazama ule mlango. Sijawahi kumwona mzee kiasi kile.

"Kowsar," akasema, "wewe ulipigia kura nani? Mshonaji, ama ile ingine?"

Nilitafuta jibu. Nilipata mawili, na kila moja lilikuwa na uongo ndani yake. Nikaweka birika chini, nikazunguka meza, nikakaa kwenye kiti cha wenye shida, ambacho nilikuwa sijawahi kukikalia.

"Mama," nikamwambia, "ukuta wa bafu umeanza tena."

Kilikuwa kidoa tu, nyuma ya bomba, kidogo kuliko ukucha. Nilikuwa nimekiona asubuhi ile na nilipanga kukisugua kwa jiki nikirudi. Alinitazama, na nikajua amejua. Halafu akavaa miwani, akatoa kifuniko cha kalamu.

"Tangu lini?" akauliza.