Shule ya Kumbakiza Eseosa

Nimeshasema mimi si mtu wa kuandika, lakini vijana wa gazeti la kanisa hawasikii. Eti, "Iye, mama yetu, tuandikie maisha yako." Maisha yangu mnayaona kila siku hapa mjini Benin, nauza mawese sokoni. Haya, kalamu nimeshika. Ila nitaandika habari ya mjukuu wangu Eseosa, maana ndiyo inayoninyima usingizi.

Nimemlea tangu wa kubebwa mgongoni. Baba yake, mwanangu Osaretin, yuko Leeds na mkewe, na viza ya mtoto mpaka leo haijatoka. Mwezi uliopita akapiga simu.

"Iye, mtafutie shule inayofundisha mtaala wa kwetu na wa Uingereza pamoja. Viza ikitoka, asirudishwe darasa huku. Isipotoka, asikwame mitihani ya huko. Ukiikosa, anakwenda Abuja kwa dada wa mke wangu."

Abuja! Mwanamke yule hajui hata kwamba mtoto huogopa radi.

Nikafunga kitambaa kichwani nikatoka. Mabango ya shule yote yana bendera mbili, na mimi bango haliniambii kitu. Nikasimama getini kwa muuza mahindi ya kuchoma, nikawauliza watoto leo wamefundishwa nini. Shule ya kwanza wanawajua wafalme wa Uingereza wote, Mto Benue hawaujui. Ya pili, mwalimu wa hayo ya Uingereza aliondoka zamani, limebaki bango. Ya tatu, kasichana kakaniambia Niger na Benue hukutana Lokoja, halafu, mdomo umejaa mahindi, kakanieleza walivyofungia mche wa maharage kabatini waone utageukia wapi. Nikasema, hii.

Siku ya usaili Eseosa akapiga magoti, akamwamkia mwalimu mkuu macho chini, nilivyomfunza. Kila swali, "Ndiyo, Madam." Madam Ogiemwonyi akanivuta pembeni.

"Mama, mtoto ana adabu, lakini hapa wanafunzi hubishana na mwalimu. Huyu hata kunitazama hawezi."

"Wewe si Mwedo mwenzetu? Kwenu hukupiga magoti?"

"Nilipiga, mama, tena sana. Mlete tena Ijumaa."

Nyumbani nikamketisha. "Nitazame machoni. Mimi nasema mawingu ni ya kijani. Bisha!"

"Ndiyo, Iye. Ni ya kijani."

"Bisha, we mtoto!"

Analia tu. Nikaiona Abuja hiyo inakuja. Magoti yangu haya mabovu nikayapiga chini, mimi mtu mzima, mbele ya mtoto. "Nakuomba, Eseosa."

Akapiga yowe. "Inuka, Iye! Unakosea! Mkubwa hampigii mtoto magoti! Inuka sasa hivi!" Na macho amenikazia kama mama mkwe.

Ijumaa akabishana na Madam mpaka Madam akacheka. Nafasi akapewa.

Jioni nikampigia Osaretin. Eti tumechelewa, shemeji yake kule Abuja ameshamshonea sare. Eseosa akaninyang'anya simu.

"Baba, umekosea. Ulisema shule ikipatikana nabaki. Imepatikana."

Sauti yake nikaisikia mpaka nilipo: "Iye, ndivyo unavyomlea? Mtoto ananibishia? Basi huko Abuja watamnyoosha."

"Si wewe uliyeutaka mtaala wa Uingereza? Ndio huo!"

Akakata.

Tangu hapo hapokei simu yangu. Shule inafunguliwa wiki ijayo, na Madam anasema bila neno la baba hawezi kumwingiza darasani. Gari la Abuja nalo limeshaagizwa. Mtoto akisikia honi barabarani anaingia chini ya kitanda.

Ninyi wa kanisa letu mlioko Leeds, najua gazeti hili mnalisoma. Osaretin Aghedo mnamjua, yule mrefu anayeimba besi. Mkamgongee mlango. Leo, si kesho. Asipofungua, gongeni tena. Mwambieni mama yake amesema apokee simu.