Masika ya Pickering

Kosa lilikuwa la neno moja, na nililisema mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu.

Mama yangu alikuja kwetu Pickering, huku ughaibuni kwenye theluji, mwezi wa kumi, baada ya kuanguka bafuni kwake Morogoro akiwa peke yake. Kufika Februari alikuwa ameshachoka. Anakaa dirishani, koti juu ya khanga, anatazama theluji. "Mwanangu, mimi hapa nakula na kulala. Sina kazi. Nikatie tiketi." Nikifikiria nani atamwokota akianguka tena, siikati. Tulibishana wiki nzima, mwisho tukakubaliana: nyuma ya nyumba kuna kipande cha ardhi, alime. Mboga zikikubali, anabaki. Zikigoma, anarudi.

Basi Aprili, theluji imeyeyuka, kamvua kananyesha, nami nachelewa treni. Nikavaa viatu huku nasema, "Unaona, mama? Masika hayo yameingia." Nilitaka kusema tu kwamba baridi kali imekwisha. Niseme nini sasa, na majira haya ya huku, kule Morogoro hayana hata jina!

Mtu wa Morogoro ukimwambia masika yameingia, hakai. Niliporudi jioni alikuwa ameshapiga matuta, na mbegu zote za mchicha alizokuja nazo, zote jamani, zimo ardhini.

"Mama! Huku hatupandi mpaka mwisho wa Mei! Baridi itarudi!"

"Si umesema masika?"

"Masika ya huku si masika!"

"Sasa kwa nini uliyaita masika?"

Nikabamiza mlango wa friji. Siku tatu baadaye theluji ikaanguka, nene, juu ya matuta yake. Mama akaitazama, akashusha begi kutoka juu ya kabati. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Kuanzia siku hiyo hakutia tena mguu nyuma ya nyumba.

Nikawa na hasira na kila kitu: na simu inayotabiri hali ya hewa, na kindi wanaofukua kila mahali, na mama mwenyewe kwa ubishi wake. Tiketi nikawa naahirisha kukata, leo kesho, leo kesho. Mei ikawa inaisha. Jumamosi moja mama alipelekwa kwenye shughuli Etobicoke, mwendo mrefu kutoka kwetu, nikajiambia sikubali kushindwa hivihivi. Nikanunua miche ya nyanya, nikashika jembe.

Matuta yamejaa vimajani vidogo, vishina vyekundu. Magugu! Yaani mbegu za mama zife, magugu yastawi! Nikayang'oa kwa hasira zangu zote za miezi miwili, nikayarundika pembeni, nikapanda nyanya kwa mstari ulionyooka, nikasimama mikono kiunoni kumsubiri.

Mama alikuja na gauni lake la shughuli. Alizipita nyanya zangu bila kuziangalia, akainama kwenye rundo, akaokota kimche kimoja, akakigeuzageuza.

"Mchicha wangu ulikuwa umeota. Umeung'oa."

Mungu wangu. Mimi nimekulia shule za bweni; mchicha naujua ukiwa fungu sokoni, au ukiwa kwenye sahani na nazi. Ukiwa na majani mawili siujui hata kidogo. Nikaanza kulia pale pale, mtu mzima, jembe mkononi. Nikamwambia sitaki aondoke, kwamba nitakuwa kazini huku yeye yuko sakafuni kule na hakuna anayejua.

Alikuwa ameshapiga magoti, gauni na yote, anachagua miche ambayo mizizi haijakatika. Akanituma maji. Nikaleta ndoo, nikamwaga mengi, akanifokea kwamba nazamisha. Akatoboa udongo kwa kidole, akachomeka mche, akabana, akaenda kwenye mwingine.

"Tiketi umeshakata?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Bado, mama."

"Usikate. Mtu kama wewe haachiwi shamba."