Kompyuta zinazochoka asubuhi tu

Leo nimeponya kompyuta sita bila kuzigusa. Msibishe, someni kwanza.

Mnajua ile programu niliyoweka hapa intaneti kafe ya dada Neema, Tunduma. Usiku tukifunga, kompyuta zinawasaidia watafiti wa malaria kupiga hesabu zao. Bure kabisa, sifa kwangu.

Sasa wiki hii kila asubuhi mashine zinatambaa kama lori lenye shehena ya shaba. Mawakala wa mizigo wanakuja kutuma nyaraka, wanangoja, wanasonya, wanahamia kwa jirani.

Leo dada akaniambia, "Mtaalamu, zisipopona leo, naifuta hiyo programu yako."

Nikapuliza vumbi, nikachomoa waya, nikalaumu virusi. Wapi.

Ilipofika saa sita mchana, zote zikaanza kukimbia zenyewe. Nikajifuta jasho.

"Nimemaliza, dada."

"Umefanya nini?"

Nikamwonyesha waya niliochomoa. Akavuta kiti, akafungua sehemu ya kupanga muda. Nilikuwa nimeandika ianze 2:00, iishe 12:00.

"Mdogo wangu, wewe ulitaka saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kompyuta imeelewa saa nane usiku hadi saa sita mchana. Hii haijakulia Mbozi kama wewe."

Tumeweka 20:00 hadi 6:00. Programu imebaki, na mimi nimebaki.

Nyie mnaocheka, semeni ukweli: saa hii simu yako inaonyesha ngapi, na wewe umesoma saa ngapi?