Barua za Ijumaa za Mama Taratibu

Jua la Ijumaa ndiyo kwanza linaingia dirishani, na Mama Taratibu ameshakaa kwenye meza ya jikoni, miwani puani, anabonyeza kompyuta kwa vidole viwili, polepole kama anayechagua mchele. Chai yake imepoa mpaka imeota utando.

"Neno 'mzigo' litoe," anasema mzee aliyeketi kando yake, mpima ardhi mstaafu. "Mimi si gunia."

"Sikukuita wewe mzigo, baba. Nimesema kazi hii ni mzigo."

"Na kazi yenyewe ni nani? Si mimi?"

Mama Taratibu anacheka mpaka miwani inateleza. Neno linatoka.

Ni muuguzi mstaafu. Jina hilo alipewa na wagonjwa wodini, kwa kuwa kila akimshika mtu mkono humwambia "taratibu, taratibu". Siku hizi nyumba yake ni kituo cha kulea mchana watu wanaopoteza kumbukumbu. Asubuhi wanaletwa, jioni wanachukuliwa.

Nyumba imepangwa kwa kumfikiria anayesahau. Mlango wa choo ni mwekundu, peke yake nyumba nzima, uonekane toka mbali. Sahani ni za buluu, maana chakula cheupe kwenye sahani nyeupe hakionekani, mtu akashinda na njaa naye kaandaliwa. Kioo cha ukumbini kimefunikwa shuka. Bibi mmoja, mshonaji wa zamani, alikuwa akigombana kila siku na mwanamke aliyemwona mle ndani. "Alikuwa anamwambia, 'We mama, kwenu hakuna kazi?'" anasimulia Mama Taratibu.

Alipoanza, miaka mitatu iliyopita, alinunua viti sita vya mikono, vikakaliwa viwili tu. Alikuwa ameweka bango kubwa barabarani. Watu walilisoma, wakapita mbiombio.

"Nani atakata kona hapo mchana kweupe, jirani anamwona?" anasema. "Maradhi haya watu wanayafungia chumbani pamoja na mgonjwa."

Bango akaling'oa. Badala yake akaanza kuandika barua pepe kila Ijumaa, kwa familia za wale wazee wawili na jamaa zao. Kila barua ilikuwa na jambo moja tu: namna ya kumwogesha mama anayeogopa maji, au cha kumjibu baba anayelilia kwenda nyumbani na yuko nyumbani. Waliopokea wakawatumia wenzao.

"Bango linasomwa na jirani. Barua pepe inasomwa na mwenye shida, amejifungia, analia zake kimyakimya."

Wasomaji wakapita mia mbili, lakini viti vinne vikabaki vitupu. Kusoma ni kusoma, kumtoa mzazi nyumbani ni jambo jingine. Mdogo wake, ambaye ndiye mpishi wa kituo, alimwambia wazi kwamba mwaka ukiisha hivyo, wafunge mlango.

Ndipo akaandika barua iliyomponza. "Mwenye ugonjwa huu hajui kuwa hajui," aliwaambia wasomaji. "Usimuulize, amua wewe. Mzee amerudi utotoni."

Jioni jibu likaingia.

"Mimi ndiye huyo asiyejua. Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya pili sikukumbuka kama nilishaisoma, ila hasira nilikuta ninayo tayari. Mitaa hii niliipima mimi, sasa inanipoteza. Natafuta mahali pa kushinda mchana, na nataka nipachague mwenyewe kabla akili haijazimika. Kwako siji."

Mpishi alisoma juu ya bega la dada yake. "Ifute hiyo. Ukiwaonyesha wasomaji, watu watasema hata wagonjwa wanakusuta."

"Si ananisuta kweli?"

"Njaa itakusuta zaidi, dada."

Mama Taratibu alishinda nayo wiki nzima, anaifungua, anaifunga. "Nimewalea wazee nikidhani nawajua. Kumbe kitanda usichokilalia hujui kunguni wake." Alimwomba mwenyewe ruhusa, na Ijumaa akaipeleka kwa wasomaji wote kama ilivyo, bila jina. Chini yake aliandika: "Nimekosa. Nifundisheni."

Kuna waliojiondoa siku hiyohiyo. Binti mmoja aliandika kwamba mama yake si mtu wa kuulizwa tena. Mpishi hasira zake alizimalizia kwenye masufuria.

Siku chache baadaye mlango ukagongwa. Alikuwa mpima ardhi, na mkewe amesimama getini, hataki kuingia.

"Nimekuja kukagua," alisema.

Akaukagua mlango mwekundu, akazigeuza sahani, akaipima sebule kwa hatua. Alipoelezwa habari za kioo, aliinyoosha ile shuka vizuri. "Siku yangu ikifika, nami mnifunikie." Kisha akaita getini: "Mama watoto, ingia. Hapa watu wanaulizwa."

Mkewe leo anajicheka. "Nilikuwa nikiulizwa yuko wapi, nasema kasafiri. Mwaka mzima nimemsafirisha mume wangu, naye yuko chumbani!"

Tangu hapo Mpima ana kona yake ndani ya barua. "Msituulize 'unanikumbuka?'" aliandika siku moja. "Huo ni mtihani. Tajeni majina yenu, basi." Baada ya barua ile familia zikaanza kuja, nyingine zikisema mzee mwenyewe ndiye aliyetaka kumwona huyo anayeandika. Sasa viti vitano vina watu, na cha sita kuna familia inakuja kukiangalia Jumatatu. Mwaka huu mlango haufungwi.

Si kwamba mambo yote ni mteremko. Siku hizi Mpima hurudia maneno aliyoyaandika wiki iliyopita. Walishakubaliana: akikosea, asifutiwe kimya, aambiwe.

"Kumwambia ni kugumu kuliko kumwogesha mtu," anasema Mama Taratibu. "Lakini aliniomba, nikakubali. Siwezi kujifanya mimi ndiye niliyesahau."

Barua ya leo ni ya kwanza kuandikiwa wanaosahau wenyewe, si watoto wao. Kwa wazo la Mpima, inawaalika sebuleni mwisho wa mwezi, waseme wanavyotaka kulelewa wakati bado wanaweza kusema. Atakuja nani, hajui.

"Hata akija mmoja, na Mpima ni wa pili. Si mkutano huo?"

Anabonyeza. Barua inakwenda.

"Mkutano wa nani?" anauliza Mpima. Si mara ya kwanza kuuliza asubuhi hii.

"Wako, baba. Wewe ndiye uliyeuita."

Mzee ananyoosha mgongo.

"Basi mwambieni mke wangu anipigie koti pasi."