Bure ya Nyirabagenzi

Neno bure nilimfundisha mimi mwenyewe, kwa hiyo lawama ni yangu na simsukumii mtu. Nilikuwa katekista wa Karuba tangu mwaka 1941, nikiwa na kengele ya mkono na katekisimu iliyokwisha jalada. Kila Jumatano na Jumamosi wanafunzi wa dini waliketi juu ya majani mbele yangu, nami nikiuliza, "Neema ni nini?" Wao wakajibu kwa sauti moja, "Neema ni tunu ya Mungu, anatupa bure."

Nyirabagenzi aliketi nyuma kabisa, karibu na mlango. Alikuwa mke wa pili wa Sebarenzi, mfuga ng'ombe wa mlimani juu. Mke mkubwa, Mukandori, hakumwita kwa jina hata siku moja. Alimwita "ule muntu ya bure", na watoto wa jirani wakaiga. Basi siku yake ya kwanza, tuliposema jibu lile, nilimwona ameinama, amefunika uso kwa kitambaa. Alidhani tunamtaja yeye.

Hakuja kwa kupenda mafundisho, tusidanganyane. Alikuja kwa ajili ya Pétronille. Binti yake huyo, wa miaka minne, alishikwa na kuhara damu mwaka 1944, wakati wa njaa, nami nikambatiza, kwa kuwa mtoto akiwa katika hatari ya kufa katekista anaruhusiwa. Alikufa siku hiyohiyo. Tukamzika ndani ya ua wa minyaa nyuma ya kapela, kwenye makaburi ya Wakristo. Nikamwambia mama yake kwamba mtoto amekwenda mbinguni moja kwa moja. Nilidhani namfariji.

"Na mimi nitamufikia namna gani?" akaniuliza.

"Ubatizwe, Mama."

Akasoma miaka mingi. Alijua majibu kuliko mke wangu Euphrasie, ambaye hata leo anachanganya amri ya saba na ya nane. Alifagia kapela, alibeba maji kuta zilipokandikwa upya, alikata majani ya kuezekea. Lakini kila Padri alipopanda kutoka misheni kuwahoji wanafunzi, Nyirabagenzi aliulizwa swali moja tu, ambalo halimo katika katekisimu: wewe ni mke wa ngapi? Akijibu wa pili, Padri anafunga daftari. Amwache Sebarenzi kwanza, ndipo maji.

Alijaribu. Mwaka 1948 alikunja mkeka wake akarudi kwao Ngungu. Wanawe wawili wa kiume walibaki, maana watoto ni wa baba, na kaka zake walimvumilia siku nane. Kisha habari ikamfikia kwamba yule mdogo amekataa kula. Akarudi Karuba kwa miguu, mvua ikimnyeshea njia nzima, na kabla ya kufika kwake akapita kwangu.

"Papa Michel, unielezee. Ile neema, unasemaka iko ya bure?"

"Njo vile, Mama."

"Sasa kama iko ya bure, juu ya nini mimi naombwa watoto?"

Nilimjibu kwa hasira. Nikamwambia asibishane na Kanisa. Halafu, nikaona aibu, nikamwambia jambo la kweli ambalo ningalilimeza kama ningalikuwa na akili: kwamba kwa mtu wa hali yake umebaki mlango mmoja, hatari ya kufa. Akizidiwa kabisa, akakubali kuiacha ndoa ile, nitakuja na maji. Alinishukuru kwa mikono miwili. Tangu hapo akaanza kungoja kufa, na akikohoa kidogo tu ananitumia habari.

Sasa mjue pia kisa cha mzee Nzabonimpa. Huyu alikuwa na wake watatu. Mwaka 1950 alilala siku tano bila kusema neno, watu wakaanza kulia, nikakimbia nikambatiza. Wiki mbili baadaye alikuwa sokoni, rozari shingoni, wake zake watatu nyuma, akitangaza kwamba amewashinda mapadri. Karuba nzima ilicheka. Padri hakucheka. Alinisimamisha mbele ya watu baada ya misa, akasema, "Michel, unamwaga neema bure! Ukirudia, utarudisha kengele." Kengele ile ndiyo iliyokuwa heshima yangu yote. Niliipenda, nasema wazi.

Kwa hiyo Nyirabagenzi aliposhikwa na kichomi mwezi wa nne mwaka 1953, nilipanda kwa Sebarenzi asubuhi nikiwa na chupa ya maji mfukoni, na hofu ya kengele moyoni. Alikuwa ameegemea ukuta, anahema kwa shida, lakini anasema.

"Leo njo siku," akaniambia. "Unipe."

"Bado, Mama. Uko na nguvu bado."

"Nguvu iko wapi, Papa? Bwana yangu namuacha, watoto nawaacha, yote naacha. Unipe tu."

"Saa kumi nitarudi, tuone."

"Ile ya bure," akasema, "iko nguvu kuipata." Kwetu neno nguvu ni ugumu pia.

Nikateremka. Maharagwe yetu yalitaka palizi, nikapalilia mistari miwili huku nikitazama jua, nikijiambia kwamba anazidisha ugonjwa wake kama siku zote. Saa kumi nilipopanda tena nilisikia kilio cha Mukandori, Mukandori yuleyule wa "muntu ya bure".

Mwili ulikuwa na joto bado. Sheria naijua: sakramenti ni za walio hai. Nilipiga magoti, nikafungua chupa, nikammiminia maji yote kichwani nikiyasema maneno yote, na nikampa jina la Joséphine-Marie, alilokuwa amejichagulia tangu mwaka wa kwanza. Maji yakateremka shingoni yakalowesha mkeka.

"Imeingia?" Sebarenzi akauliza.

Nikafunga chupa tupu. Kesho yake tulimzika nje ya ua wa makaburi, kando ya shamba la mume wake, maana sikuthubutu kusema uongo kwamba nilimbatiza akiwa hai, wala kusema kweli kwamba nilichelewa. Kutoka pale hadi kwa Pétronille ni mwendo wa kuvuta sigara moja.

Jumapili Padri alikuja. Alisikitika, sitamsingizia. Alisema Mungu anaijua tamaa ya moyo wa yule mama. Kisha akafungua daftari la ubatizo, akachovya kalamu, akaniuliza kama nilimbatiza.

"Nilimwaga bure, Padri," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu, akapangusa kalamu bila kuandika, akafunga daftari. Kengele nikabaki nayo. Ninaipiga kila Jumapili, na mpaka leo sijui siku ile nilisema bure ipi.