Pikipiki Mbili za Baba Mkwe

Jioni bei ya petroli iliposhuka nilikuwa nachuja maziwa, na nusura niyamwage yote. Redio ya mama mkwe huwa inakaa kwenye dirisha la jikoni, ikikoroma koroma hadi wakati wa habari, hapo ndipo hupata sauti. Mtangazaji akasema petroli imeshuka, dizeli imeshuka, na mafuta ya taa pia. Nikapiga kigelegele. Mama mkwe, aliyekuwa amenyoosha miguu karibu na moto kwa sababu ya magoti yake, akauliza kama kuna mtu ameokoka.

"Zaidi ya hapo, mama," nikamwambia. "Petroli imeshuka."

Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mgonjwa. Hatuna gari. Hatuna hata pikipiki. Boma letu liko ndani kabisa huku Nyansiongo, na chombo pekee chenye magurudumu tunachomiliki ni toroli la kubebea majani ya ng'ombe. Lakini alipokaa kidogo akaelewa, akatupa macho upande wa nyumba ya mzee, kisha naye akapiga kigelegele chake, chembamba kidogo kuliko changu.

Hatukuwa na gari, ila tulikuwa na jicho. Baba mkwe wangu alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili. Nilipoolewa hapa kutoka upande wa Suneka, macho yake yalikuwa tayari yameanza kuingia ukungu, na kufikia wakati huu la kushoto lilikuwa limekwisha kazi, na la kulia lilikuwa linamwonyesha mwanga na vivuli tu. Mtu aliyekuwa akikagua mistari ya mahindi na kujua ni nani aliyepanda kwa uvivu, sasa alikuwa akipapasa ukuta kutafuta mlango wake mwenyewe. Hospitali moja mjini Kisii ilikuwa na mpango wa wazee, upasuaji bila malipo. Siku ya kwanza wanapima, siku ya pili wanapasua, kesho yake unarudi kufunguliwa bendeji. Daktari wao alikuwa ametuonya kwa simu kwamba tukichelewa sana, kazi itakuwa ngumu na pengine isifaulu. Kupasuliwa kulikuwa bure. Kufika ndiko kulikokuwa na bei.

Na bei yetu sisi ilikuwa mara mbili ya watu wengine, kwa sababu ya chinsoni. Msomaji wa mbali nimweleze. Kwetu Wagusii, baba mkwe na mke wa mwanawe hawazoeani ovyo. Haingii nyumbani mwangu. Hatushikani mikono. Akinisalimu anatazama pembeni, nami natazama pembeni, tunajuliana hali kama watu wawili wanaoongea na mti mmoja. Hiyo ndiyo heshima, na mimi naipenda, maana inaniepusha na mengi. Lakini bodaboda haikutengenezwa na mtu anayeijua chinsoni. Kukaa juu ya kiti kimoja, tumegusana, tukipita mbele ya majirani? Bora dunia ipasuke.

Kwa hiyo popote mzee anapokwenda nami, zinahitajika pikipiki mbili hadi kwenye lami. Tukifika lami tunapanda matatu, na mambo ni rahisi, yeye anakaa mbele na dereva na mimi nyuma kabisa. Mume wangu yuko Naivasha kwenye mashamba ya maua, mama hawezi kupanda pikipiki kwa magoti yale, na mtu asiyeona huwezi kumtuma mjini peke yake kama kifurushi. Kutembea ni kumaliza asubuhi nzima, na hospitali inapokea wazee asubuhi tu. Petroli ilipopanda, nauli ya boda ikapanda nayo, na pikipiki mbili kwenda na mbili kurudi, kwa safari tatu, ikawa ni kama tunalipa mahari. Tukaahirisha. Tukaahirisha tena.

Mara moja tu tulijaribu ujanja. Mwendesha boda mmoja mwenye maneno matamu alitushauri tuweke kitu katikati. "Weka mkungu wa ndizi, mama. Hiyo ni ukuta. Nani atasema mmegusana?" Mzee akafikiri, akakubali shingo upande. Tukapanda: dereva, mzee, mkungu wa ndizi za kupika, kisha mimi mwishoni nimeukumbatia mkungu kama mwana. Tulikwenda vizuri mpaka mteremko wa kwenye kijito. Dereva akashika breki, mkungu ukateleza ukaangukia kichakani, na paji langu la uso likagonga mgongo wa koti la baba mkwe, pu!

"Simamisha," mzee akasema.

Akashuka, akatafuta njia kwa fimbo, akaanza kurudi nyumbani bila kugeuka. Nilimfuata kwa mbali na ndizi zangu kichwani. Alipofika alimwambia mkewe, kwa sauti ya kunifikia, kwamba ni afadhali awe kipofu mwenye adabu. Mama mkwe alicheka hadi akashika magoti. Mimi sikucheka siku ile. Niliona jinsi alivyokosa kizingiti mara mbili kabla ya kuingia ndani, na moyo uliniuma.

Basi ndiyo sababu ya kigelegele.

Ila kushuka kwa petroli redioni ni jambo moja, na kushuka kwake nyumbani kwako ni jambo lingine. Nilidhani kesho yake nitaamka kila kitu kimekuwa rahisi. Nikaenda dukani. Mwenye duka akanieleza, bila haya, kwamba sukari ile ni stoki ya zamani. Sabuni, stoki ya zamani. Mkate uliofika asubuhi ile ile, bado una moto, nao ulikuwa stoki ya zamani. Nilimuuliza mbona bei zilipopanda hakuwahi kuwa na stoki ya zamani hata moja, akajifanya anatafuta chenji.

Wa kwanza kushusha alikuwa mwenye kinu cha dizeli, na si kwa wema. Kuna vinu viwili vinavyotazamana pale sokoni, na mmoja alipopunguza tu, mwenzake akapunguza kabla ya chakula cha mchana. Siku hiyo tulirudi kwa wimbi. Kwa muda mrefu tulikuwa tukila ugali wa mahindi kwa sababu kusaga wimbi kunatozwa zaidi, na mzee alikuwa akiula bila neno, ila akiula polepole kama mtu anayetimiza wajibu. Nilipomsongea ugali wa wimbi, mweusi, mzito, na mboga chungu za chinsaga zilizolala kwenye maziwa, alinusa kabla sijatua sahani. "Leo kuna nini?" akamuuliza mkewe. "Dizeli imeshuka," mama akajibu. Akala, akaomba tena. Baadaye hata gari la kukusanya maziwa likapunguza makato yake, na chai yetu ikarudi kuwa na sukari ya kueleweka. Nyumba ilichangamka. Mimi mwenyewe nilianza kuimba wakati wa kukamua, na ng'ombe hakulalamika.

Watu wa boda tu ndio walikaza.

Nilikwenda stegi, pale wanapongojea abiria, asubuhi moja na mtungi wangu wa maziwa mtupu mkononi. Nakiri mimi ni mwepesi wa hasira, lakini siku hiyo nilianza kwa upole. Nikamuuliza mwenyekiti wa stegi nauli mpya ni ngapi. Akanitajia ile ile.

"Mama, petroli imeshuka, sikatai," akasema. "Lakini spea haijashuka. Tairi haijashuka. Hata hii barabara yenu mbovu haijashuka."

"Barabara ikishuka tutapita wapi?" nikamuuliza, na vijana wakaangua kicheko.

"Unaona sasa? Wewe unataka mchezo."

Hapo upole ukaniisha. Nikawaambia petroli ilipopanda walipandisha nauli kesho yake asubuhi, wakati tangi zao bado zilikuwa na mafuta ya bei ya zamani, na sikumsikia mtu akitaja spea. Nikawaambia kuna mzee anapofuka kule juu, mzee ambaye nusu yao aliwasimamia ubatizo, na wao wamekaa hapa wanahesabu tairi. Mwenyekiti akasema nisilete mambo ya kanisa kwa biashara. Nikasema sawa, tufanye biashara. Nikaugeuza mtungi, nikaukalia katikati ya stegi, na kila abiria aliyefika nilimsalimu vizuri na kumweleza kwamba petroli imeshuka, asidanganywe. Kwa sauti. Mama wa kwanza akaanza kubishana nauli. Mwalimu akabishana. Mzee mmoja mwenye kuku akashuka kwenye pikipiki aliyokuwa ameshapanda, ili naye abishane.

"Madhe, unatuharibia form ya kazi," kijana mmoja akanilalamikia.

"Shusheni, niende nikakatie ng'ombe majani."

Jua lilipoanza kuchoma, mwenyekiti alivua kofia yake ya chuma, akaikalia, akajifuta jasho. Akaenda kando kuteta na wenzake. Aliporudi alisema nauli irudi pale ilipokuwa kabla ya kupanda, na kwa mzee, pikipiki mbili, zikimngoja hadi arudi, watampunguzia tena. "Lakini mama, tafadhali, enda nyumbani. Hiyo sauti yako imefika Keroka." Nikainuka, nikamshukuru kwa adabu zote. Njiani nilikuwa nikitembea huku nacheka peke yangu, hata mtoto wa jirani akanikimbia.

Hivyo ndivyo tulivyokwenda. Mama mkwe alisimama langoni, ameegemea nguzo, akitupungia mkono na kusema tunapita kama msafara wa gavana. Pikipiki ya mzee mbele, yangu nyuma, nafasi ya kutosha katikati kwa heshima yote ya ukoo. Alikuwa amevaa koti la Sabato na kofia, amekaa wima. Sijawahi kufurahia vumbi kama vumbi lile lililotoka kwenye gurudumu lake likanijaa mdomoni. Tulikwenda akapimwa. Tulikwenda akapasuliwa jicho la kulia, tukarudi naye amefungwa bendeji, mikono imeshika kiti. Usiku ule hakuna aliyelala sawasawa nyumbani kwetu, maana daktari alikuwa amesema jicho lilikuwa limekaa muda mrefu, na hawezi kutuahidi chochote.

Siku ya kufunguliwa, muuguzi alikuwa dada mmoja wa Pwani, mcheshi, mwenye Kiswahili cha kutiririka. Wazee walikuwa wamepangwa kwenye benchi kando ya dirisha. Mimi nilisimama nyuma, mbali kidogo, kama inavyotakiwa. Muuguzi akatoa bendeji, akasafisha jicho taratibu, akainua mkono.

"Haya babu, vidole vingapi?"

Mzee akauelekea mkono ule. Akafumba jicho, akalifumbua.

"Vitatu," akasema. "Na kimoja iko na pete."

Benchi zima likacheka. Muuguzi akapiga makofi, kisha, kwa kuwa hakuijua desturi yetu, akanishika mkono, akanivuta hadi mbele ya mzee. "Na huyu je, babu? Huyu ni nani?"

Nilitaka ardhi inimeze. Nikainamisha kichwa, nikasema chinichini kwamba ni mimi, mokamwana wake. Yeye naye alikuwa ameangalia sakafu. Kisha akainua uso, polepole, akanitazama. Miaka yote niliyokaa kwenye boma lake, ilikuwa mara ya kwanza.

Hakuongea na mimi. Alimgeukia muuguzi, akamwambia kwa Kiswahili chake:

"Huyu ni mke ya kijana yangu. Ndiye alipigana na watu ya pikipiki juu yangu. Mimi nilisikia hiyo sauti nikiwa nyumbani, nikafikiria ni mtu mkubwa, wa kujaa mlango." Akatikisa kichwa. "Kumbe ni kadogo hivi!"

Nililia pale pale, mbele ya wagonjwa wote, nikicheka na kulia pamoja, kamasi na machozi. Na baba mkwe wangu, kwa heshima, akageuza uso wake haraka kwenye dirisha ili asinione. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kituo cha mafuta, na bango lake kubwa limesimama mbele. Akalikazia lile jicho jipya, akaanza kusoma kwa sauti, tarakimu moja baada ya nyingine, bei ya petroli.